Mayai Yaliyopoa Nkoaranga

Wahenga hawakutaka mtu ajitoboe jicho waliposema, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Walimaanisha kwamba ukifika ugenini, tazama kwanza wenyeji wanaishi vipi, wanasema vipi na wanahesabu vipi, nawe ufuate desturi yao. Twahira aliisoma methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini maana yake aliipatia Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mbele ya mayai yaliyopoa.

Twahira alikuwa fundi wa programu za kompyuta, mzaliwa wa Ngarenaro mjini Arusha. Alikuwa hodari, ila haraka yake ilikuwa kama moto wa mabua. Mama mmoja wa Kimeru wa huko Nkoaranga, Aikande, aliyekuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga nyuma ya migomba yake, alimwomba amtengenezee programu ya kuangalia joto: mayai yakianza kupoa iwashe hita, joto likizidi iizime. Mayai yenyewe yalikuwa ya akina mama wa kikundi chake, kila mmoja ameyatoa kwenye banda lake, na wote walikuwa wanamtegemea yeye.

Twahira aliijaribu programu nyumbani kwake, ikaenda kama maji mtelemkoni. Siku ya kuipeleka, mayai yakiwa na wiki moja mashineni na Aikande akiwasha na kuzima hita kwa mkono, Twahira alipanda mlima, akaiweka kwenye kompyuta ya Aikande, akaona alama ya kijani imewaka, akafunga mkoba wake.

"Kaa kidogo, mwanangu, tuione ikifanya kazi," Aikande alimsihi.

"Itafanya tu, mama. Kwangu imefanya, na hapa itafanya."

Kesho yake asubuhi simu ikalia. "Twahira, njoo! Nimetia mkono ndani ya mashine, mayai ni baridi kama mawe ya mtoni!"

Twahira akapanda tena mlima mbio. Alipofika alimkuta Aikande akipanga chupa za maji ya moto, zilizofungwa kwa khanga, katikati ya mayai. Mumewe, mzee Ephraimu, alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamooni."

"Marahaba," Ephraimu aliitikia bila kumtazama. "Mimi nilisema, kuku anayeatamia hahitaji umeme. Sasa wale akina mama tutawaambia nini?"

Twahira akainamia kompyuta. Kwenye skrini, programu ilikuwa imeandika kwamba joto ni 246, na kwa sababu hiyo imezima hita. Joto la kuunguza mikate, na mayai yanaganda! Alidhani kipima joto kimeharibika. Akakichomeka pamoja na hita kwenye laptop yake, yenye programu ileile. Ikasoma 24.6, na papo hapo hita ikawaka. Akaiacha laptop iyapashe mayai, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya mwenyeji.

Kipima joto kilekile, programu ileile. Kilichobadilika ni nyumba iliyofikia tu, na hakuwahi kuifundisha programu yake kuuliza imefikia kwa nani. Akaongeza mistari michache ili, kabla ya kufanya lolote, iiulize kompyuta habari zake: inaendeshwa na mfumo gani, saa yake ni ya wapi, maneno inayaonyesha kwa lugha ipi, na tarakimu inazisoma kwa desturi ya nchi gani. Majibu yakatokea. Maneno: Kiingereza. Tarakimu: Ujerumani.

"Mama, kompyuta hii ilitoka wapi?"

"Kwa marafiki wa usharika wetu wa kanisa, huko Ujerumani. Ilikuja na Kijerumani chake, mwanangu Derick akabadilisha maneno tuweze kuyasoma."

Twahira akajishika kichwa. "Alibadilisha maneno tu. Wajerumani hutenga desimali kwa mkato, mama. Nukta kwao ni ya kutenga maelfu. Ilipoletewa ishirini na nne nukta sita, iliiruka nukta, ikasoma mia mbili arobaini na sita. Haikukosea. Ni mimi niliyeingia kwake kama niko kwangu."

Akairekebisha programu yake: ikishajua desturi ya mwenyeji, iandike na kusoma kama yeye. Akarudisha nyaya mahali pake. Baada ya muda skrini ikaonyesha 37,5, kwa mkato, na hita ikazimika yenyewe kwa wakati wake.

Lakini mayai je? Aikande alifunga mlango na dirisha, akaweka yai juu ya tochi iliyowashwa. Ndani ilionekana mishipa myekundu, na katikati yake doa jeusi la kifaranga. Halikutikisika. Ephraimu akasogea, akainama mpaka pumzi yake ikagusa ganda.

Doa likaruka.

"Kinacheza!" mzee alipaza sauti. "Mama Derick, kinacheza! Kiko hai!"

Twahira aliketi sakafuni, machozi yakimtoka huku akicheka. Ephraimu akamshika bega. "Pole, binti yangu. Vimepona."

Wiki mbili zilipopita, maganda yakaanza kupasuka. Mayai machache hayakutotolewa, lakini akina mama walishuka na maboksi yanayolia piyo piyo, wakiimba njia nzima. Twahira aliwasindikiza hadi barabarani, roho nyeupe. Tangu hapo kila programu anayoituma kwa watu huanza kwa kuuliza iko kwa nani na huko wanaishi vipi. Naam, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.