Mtaalamu Tai na Tumbo la Tindi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na mama na mwana!
Mwana mzima?
Ngoja tusikie!

Basi sikieni. Hapo kale, kale ile ambayo kila mnyama alikuwa na jibu la kila kitu, aliondokea Digidigi mmoja, mama kijana, mwenye mtoto mmoja tu. Mtoto akiitwa Tindi.

Siku moja Tindi akaanza kuhara. Akahara alfajiri, akahara jua likichomoza, akahara tena, na mama mtu anazunguka tu, anamlamba, anamwacha, anamlamba, jamani nifanyeje, jamani mtoto huyu.

Akaja mavyaa wake, yaani mama mzaa mume. Huyu alikuwa amezaa tisa na kuzika sita, kwa hiyo mnaona wenyewe, bingwa wa watoto.

"Mwanangu," mavyaa akasema, "mnyime ziwa, asinyonye. Na asiguse hata umande. Tumbo likikosa cha kutoa, litanyamaza lenyewe."

"Lakini mama, midomo imemkauka."

"Unataka kumpeleka mtoni? Kiboko wewe? Sisi digidigi hatujawahi kuinama mtoni. Umande wa majani unatutosha tangu enzi za mababu. Unataka ukoo uchekwe na nyumbu?"

Haya, ukoo usichekwe. Mtoto kitu gani bwana.

Mara Tai akatua juu ya mgunga, tawi la juu kabisa. Tai, kwa wasiomfahamu, ni msomi. Ameona moyo, ini, figo na utumbo wa kila aina ya mnyama, kwa macho yake, kwa karibu sana. Tena hakuna mgonjwa wake hata mmoja aliyewahi kulalamika.

"Shikamoo, Bwana Tai," Digidigi akasema. "Unamngoja nani?"

"Marahaba, mama mtoto. Mimi? Napunga upepo."

"Mwanangu moyo unamwenda mbio. Mbona mbio, naye amelala tu?"

Swali la kitaalamu! Tai akanyoosha shingo.

"Ni damu, binti. Damu inachukua hewa mapafuni na chakula tumboni, inavigawa mwili mzima. Na damu sehemu kubwa ni maji. Maji yakimwagika kwa kuhara, damu inapungua, na moyo, maskini, unasukuma haraka haraka kile kidogo kilichobaki. Umeridhika? Vizuri. Mimi nipo hapa hapa."

Digidigi mbio kwa mavyaa. "Mama, damu yake inataka maji!"

"Nani kasema?"

"Tai."

"Tai amenyonyesha wangapi?"

Digidigi akarudi kwa mtoto.

Jua likafika utosini. Tai naye akashuka, tawi la katikati. Macho ya Tindi yalikuwa yamedidimia, na ngozi yake ukiivuta inabaki imesimama.

"Bwana Tai, wewe unayejua mambo," Digidigi akasema, maana alikwisha kuona kwamba huyu bwana sifa anazimeza kama nyama, "mwanangu hajakojoa tangu alfajiri. Mkojo umekwenda wapi?"

"Ah, figo! Figo ndizo ninazozipenda," Tai akasema, akameza mate. "Ni mbili, kazi yake kuchuja damu na kutoa uchafu kwa mkojo. Maji yakiisha mwilini, zinafunga mlango. Zikifunga, uchafu unabaki kwenye damu. Halafu ubongo unalala. Mtoto anaacha kulia, kimya, raha mustarehe."

Raha ya nani, hakusema.

Alasiri, Tindi akaacha kulia. Mavyaa akafurahi: "Si nilikwambia atatulia?" Na Tai akashuka chini kabisa, akawa ananoa mdomo kwenye jiwe.

Digidigi moyo ukampasuka. Lakini akajikaza, akacheka kwa dharau, kicheko chenyewe kinatetemeka.

"Basi Bwana Tai, kumbe wewe wajua vya maiti tu. Kurudisha maji mwilini hujui. Hajui mtu."

"Mimi? Mimi sijui?" Manyoya ya Tai yakasimama. "Sikiliza, mjinga wewe! Maji yakiwa na chumvi kidogo na utamu kidogo, utumbo unayapokea, hata kama unaharisha! Chumvi na utamu vinaingia pamoja, maji yanafuata nyuma. Kidogo kidogo, mara kwa mara, na ziwa lisikatizwe! Hata mtoto wa..."

Akaona amesema sana. Pole, mtaalamu.

Digidigi alikwisha ondoka. Anamsukuma Tindi kwa pua, twende mwanangu, twende, mpaka ukingo wa kidimbwi cha mtoni. Mavyaa akamkingamia.

"Ukiinama hapo, wewe si wa ukoo wetu!"

"Basi, mama, mimi ni kiboko."

Akainama. Akalamba jiwe la chumvi wanalolamba nyumbu, mlambo mmoja. Akatafuna tunda bivu la mkuyu. Akavuta maji mdomoni, yakachanganyika na ile chumvi na ule utamu, akamdondoshea Tindi. Tindi akatapika. Mama akangoja kidogo, akamdondoshea tena. Tone, tone. Nyumbu wakacheka, wakachoka kucheka, wakaenda zao. Yeye tone, tone, kisha ziwa, kisha tone.

Jua likielekea kuzama, Tai akaja taratibu kukagua. Akainamisha kile kichwa chake kisicho na manyoya, karibu kabisa na miguu ya nyuma ya Tindi, asikilize kama bado kuna uhai.

Tindi akamkojolea. Utosini! Figo zimefungua mlango, na mtaalamu akathibitisha mwenyewe. Akaruka huku anapiga chafya, chakula cha jioni akakitafute kwingine.

Digidigi akacheka na kulia pamoja. Alipogeuka, mavyaa amesimama nyuma yake, anautazama ule mkojo mchangani.

"Mwanangu," akasema polepole. "Wale sita wangu. Nao walitulia hivyo hivyo."

Digidigi akasogea kando.

"Njoo umshike kichwa, mama. Nikachote maji mengine."

Mavyaa akamshika.

Funzo la ngano, wenzangu: mtoto anayehara msimnyime maji wala ziwa, mwili unaishi kwa hayo. Na mkiambiwa ndiyo desturi, tazameni kwanza juu ya mti, ni nani anayengoja kushiba.

Ngano yangu imekauka, mwana wangu hakukauka. Aliyesikia akachote maji. Asiyesikia, Tai yupo, atamweleza vizuri sana.