Mafuta ya Bi Pimbi kwenye Ndoo ya Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kununiana kama sisi, kiangazi kilikausha mito yote. Kikabaki kisima kimoja tu, na Tembo akajifanya ndiye mwenyewe.

"Anayetaka maji," akatangaza, "alete kitu cha majimaji au cha hewa. Tutakitia kwenye ndoo hii, nikoroge. Akiweza kukitoa tena, achote apendavyo siku zote. Akishindwa, aende zake."

Fisi akaleta asali. Tembo akakoroga, asali ikayeyukia mle mle, Fisi akabaki kulamba kijiko. Nyani akaleta maziwa. Maji yakawa meupe, na maziwa hayakushikika.

Kiboko, msimcheke jamani, akaleta pumzi yake. Alitumbukiza bua ndani ya ndoo, akapuliza, blu blu blu! Mapovu yakapanda, yakapasuka.

"Pumzi yangu imekimbia," akalalamika.

"Nyingi imekimbia, kidogo maji yameimeza," akasema Tembo. "Samaki wanavuta nini humo, unadhani? Haya, pisha wenzako."

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Bi Pimbi. Nyumbani aliacha mapacha, midomo imepasuka kwa kiu, na mmoja tangu asubuhi hakuwa amefumbua macho. Jikoni kwake kilikuwa kimebaki kikombe cha mafuta ya ufuta, basi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mimina."

Akamimina. Tembo akatia mkonga, akavuruga, vuru vuru vuru, mpaka mafuta yakasambaratika na maji yakachafuka.

"Yamemezwa. Mwingine!"

Lakini Bi Pimbi alikuwa mwosha vyungu wa miaka mingi. Alijua mafuta hayamezwi na maji. Ukiyaacha yatulie, yanapanda juu yenyewe. Alichohitaji ni muda, na muda Tembo hampi mtu.

"Naondoka, babu," akasema taratibu. "Ila watoto wataniuliza, huyu mwenye kisima ni wa ukoo gani hasa? Nisije nikawadanganya."

Tembo hakuwahi kuulizwa swali tamu namna hiyo. Akaketi kitako. Akaanza na babu yake, akaja kwa shangazi zake saba, akaeleza harusi zao na nani aligombana na nani kwa ajili ya sufuria.

"Ikawaje tena, babu?" Bi Pimbi akawa anamchochea. Fisi alishasinzia kando ya foleni.

Tembo alipofika kwa shangazi wa saba, Bi Pimbi akainama na kijiko, akaanza kuengua. Mafuta yalikuwa juu, ya manjano, yametulia tuli. Akaengua mpaka kikombe kikajaa, akamwonyesha.

Tembo akatazama kikombe, akatazama foleni nzima iliyosikia sharti lake mwenyewe. Aibu ikamshika.

"Chota," akasema.

Siku hiyo mapacha walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma, na wote wawili wakaamka kucheza.

Nanyi wanangu, mkubwa akikubana kwa haraka zake, usibishane naye; mpe la kuzungumza, upate nafasi yako.