Manyanga ya Baba

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maana yake si ngumu: jambo ukishalianza mbele za watu, usirudi nyuma kwa kuhisi baridi ya kwanza. Wapo wanaoingia hadi magotini, wakatetemeka kidogo, kisha wakarudi ukingoni wakisema leo si siku yao. Binti mmoja, fundi cherehani, nusura awe miongoni mwao.

Binti huyo aliishi na wazazi wake katika nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha mbele ndicho alichoshonea nguo. Baba yake alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, lakini alikuwa na kisa kimoja ambacho hakuchoka kukisimulia. Ujanani alikuwa akibeba vyombo vya bendi ya dansi. Siku bendi ilipokwenda kurekodi wimbo, mpiga manyanga aliamka na homa, naye akaambiwa aweke masanduku chini ashike manyanga, vile vibuyu vyenye mbegu vinavyotikiswa.

"Wimbo mzima," alikuwa akisema. "Tangu mwanzo mpaka mwisho."

Shida ni kwamba mwimbaji wa bendi ile alikuwa mjomba wa binti, kaka wa mama yake, na mjomba hakukumbuka kitu kama hicho.

"Shemeji, wewe ulibeba masanduku," alimwambia kila walipokutana. "Na uliyabeba vizuri. Ridhika."

Kisha akambandika jina la Manyanga, nao mtaa ukalidaka kama mpira. Hata walioleta viti vya kutengenezwa waliulizia kwa Mzee Manyanga. Baba alicheka pamoja nao, lakini kilikuwa kicheko cha meno tu. Moyoni alikuwa na lake.

Santuri ya wimbo ule ilikuwa kabatini miaka yote, bila mashine ya kuipigia. Sasa ikatokea kwamba binti alimshonea fundi redio wa mtaa wa pili mapazia ya nyumba nzima. Fundi alipouliza amlipe nini, binti alinyoosha kidole kwenye mashine ya santuri iliyokuwa rafuni, imefunikwa gunia.

"Umewahi kutumia hii?" fundi redio akauliza.

"Hata kuigusa bado."

"Basi soma kijitabu chake kwanza. Wengi hukisoma baada ya kuharibu."

Binti aliiweka mashine juu ya meza ya cherehani, spika zikiwa pembeni yake, akashusha sindano huku wazazi wake wakitazama. Iliyotoka haikuwa muziki. Ilikuwa kelele ya mafuta yakichemka kikaangoni, na nyuma yake sauti ya mjomba, kama mtu anayeimba bafuni na mlango umefungwa.

Baba akasogeza kiti. "Hayo hapo. Mnayasikia? Chaka-chaka, chaka-chaka."

"Mimi nasikia kikaango," mama akasema.

"Ndiyo manyanga hayo."

"Kama ndiyo hayo, mume wangu, basi ulianza kabla ya bendi, na wenzako walipokwenda nyumbani wewe ukabaki unapiga."

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kicheko kilipokwisha, swali lilibaki limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Katika kelele zote zile, ipi ilikuwa ya vumbi, na ipi ya mkono wa baba yake?

Kuanzia hapo, kila alipopumzika kushona aliisikiliza santuri. Aligundua kwamba kulikuwa na mlio mmoja, ta, uliokuja kila santuri ilipomaliza mzunguko. Huo ulikuwa mkwaruzo, kovu lisilofutika. Milio iliyoruka ovyo bila mpango ilikuwa vumbi. Chini yake kulikuwa na mngurumo, nao ulipungua alipoziondoa spika mezani na kuzitenga. Baba, ambaye alijifanya hana habari na mambo hayo, siku moja alikuja na pimamaji yake ya useremala, akailaza juu ya mashine, akatazama tone la hewa likikimbilia upande mmoja.

"Meza yako imelewa," akasema, akachonga kibao chembamba akakisokomeza chini ya mguu wa meza.

Mjomba alipokuja kuchukua suruali yake iliyofupishwa, aliiona mashine. "Aha. Kwa hiyo Manyanga sasa ameleta ushahidi?"

Kwa kawaida binti hakuwa mtu wa kujibizana. Lakini siku ile mdomo ulimtangulia. "Jumapili njoo usikilize mwenyewe, mjomba."

"Nitakuja. Tena nitayaleta masikio yangu yote mawili."

Mjomba alipoondoka, baba alikaa kwenye kiti cha wateja, akazungusha kofia yake mikononi.

"Ungeniuliza kwanza, mwanangu."

"Si ulipiga, baba?"

"Nilipiga. Ila mtu akisimulia jambo miaka thelathini, na mwenziwe akalikana miaka thelathini, hufika mahali hata yeye mwenyewe hajui tena."

Maneno hayo yalimwingia binti kama ubaridi. Alikuwa amemwalika mjomba kuja kumsafisha baba, au kumvua nguo hadharani?

Jumamosi alikwenda kwa fundi redio kuuliza namna ya kuisafisha santuri.

"Usiipanguse kavu," fundi akamwambia. "Ukiisugua kavu unaitia umeme, nayo inaita vumbi la nyumba nzima. Ioshe. Tumia maji yasiyo na chumvi hata chembe, na tone moja tu la sabuni ya vyombo. Kitambaa kiwe laini, na mkono ufuate mviringo, usikate njia. Karatasi ya katikati isilowe."

Aliiosha kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Maji yalitoka meusi. Akaisuuza, akaisimamisha ikauke baina ya vibanio. Asubuhi ya Jumapili ilikuwa inang'aa kama kiatu kipya, lakini hakuthubutu kuijaribu. Alijidai bado inakauka.

Alasiri mjomba akaja, shati limepigwa pasi, akaketi karibu na spika. Baba alikaa mbali, karibu na mlango. Mama akakaa katikati yao kama mwamuzi. Binti akashusha sindano.

Kelele zilikuwa zimekwisha, isipokuwa ile ta ya mkwaruzo. Kikaango hakikuwapo. Lilisikika gitaa, ikasikika ngoma, kisha sauti ya mjomba ikajaa chumbani. Mjomba mwenyewe akafumba macho. Wote wanne wakasubiri manyanga.

Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukapita. Wimbo ukaisha. Hapakuwa na manyanga.

Binti alingoja mjomba acheke, lakini hakucheka. "Basi, shemeji," alisema kwa upole. "Hata mimi kuna mambo nayasimulia ambayo sina hakika nayo." Upole ule uliuma kuliko mzaha wa miaka yote.

Baba akasimama. "Imetosha. Funika mashine yako, mwanangu."

Binti akashika kifuniko. Kufunika kulikuwa rahisi. Santuri ingerudi kabatini, mjomba angenyamaza kwa huruma, na jina la Manyanga lingekufa pole pole. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka. Lakini ule mwiba ulikuwa bado kooni. Wimbo ulisikika safi, ndiyo, ila ulikuwa mzito, kama umefunikwa blanketi. Kulikuwa na kitu kingine kilichokosekana, mbali na manyanga.

"Mjomba," akauliza, "siku ile ulipoimba ulikuwa na meno?"

"Nilikuwa nayo yote, mpaka ya akiba. Kwa nini?"

"Kwa sababu humu huna. Kila penye neno lenye mlio wa sss, halisikiki. Unaimba kama kibogoyo."

Mama akaziba mdomo kwa upande wa khanga, mabega yakimtikisika.

"Kilichomeza meno yako," binti akaendelea, "huenda kimemeza na manyanga."

Aliinama mpaka jicho likawa sawa na santuri, akautazama mkono wa mashine kwa ubavu. Chini ya sindano palining'inia kishungi cha kijivu, kidogo kama mbegu ya haradali. Uchafu uliolainika kwa maji ulikuwa umejikusanya pale wimbo ulipopigwa. Kila asubuhi alitoa uchafu wa namna hiyo chini ya cherehani yake, na hakuwahi kufikiri kwamba sindano ni sindano. Akakiondoa kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele. Kisha akakiri kosa lake jingine: kwa kuionea huruma santuri baada ya kuiosha, alikuwa ameufanya mkono wa mashine kuwa mwepesi kuliko kijitabu kilivyosema, hivyo sindano ilikuwa ikirukaruka juu juu badala ya kutulia ndani ya mfereji wa santuri.

"Sisi tulikuwa tunaweka sarafu juu ya kichwa chake," mjomba akashauri.

"Ndiyo maana santuri zenu zote zina makovu, mjomba."

Akazungusha kipande cha uzito kilicho nyuma ya mkono mpaka mkono ukaelea wenyewe kama mizani isiyo na kitu, kisha akauongezea uzito hadi namba iliyoandikwa kijitabuni. Baba alikuwa bado amesimama mlangoni, hakutoka wala hakuketi.

Sindano ikashuka.

Kwanza mjomba alirudishiwa meno yake. Halafu, mbali kidogo, nyuma ya gitaa, ikasikika: chaka-chaka, chaka-chaka. Mwimbaji aliponyamaza kuvuta pumzi, nayo ikatulia, kisha ikaingia naye tena. Vumbi halijui kupumzika kwa mpango namna ile. Kwenye ubeti wa pili manyanga yakaanza kukimbia, yakiitangulia ngoma kama mtu anayeogopa kuachwa, mara ghafla yakajirudi na kushika mwendo.

Mjomba akainua kidole. Akakaa hivyo, kidole hewani, mpaka wimbo ukaisha.

"Ubeti wa pili," akasema taratibu. "Kulikuwa na mtu nyuma yangu anakimbia. Nikarudisha mguu, nikamkanyaga."

"Dole gumba," baba akasema kutoka mlangoni. "Kucha ilitoka."

"Ulikuwa wewe?"

"Ulikuwa hugeuki. Wewe unapoimba hujui hata kama nyumba inaungua."

Mjomba akatazama sakafu, kisha akamtazama shemeji yake. "Lakini ulipiga vibaya."

"Vibaya sana," baba akasema. "Ila nilipiga." Akacheka, na safari hii hakikuwa kicheko cha meno. Akaja akaketi karibu na spika, magoti yake yakigusana na ya mjomba.

"Irudishe mwanzo," mama akamwambia binti. "Mara zote nilikuwa namsikiliza kaka yangu. Sasa nataka kumsikiliza mume wangu."

Binti akauinua mkono wa mashine, akaipangusa sindano, akaurudisha mwanzo. Angeshusha kile kifuniko pale aibu ilipomshika, baba yake angebaki mbeba masanduku mpaka kaburini, tena machoni pake mwenyewe. Basi ayavuliaye maji nguo asiyatazame tu: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.