Kiroboto wa Sikio la Kushoto na Safari ya Jabali

"Niwapakulie?"
"Tupakulie!"
"Cha moto au kilichopoa?"
"Cha moto!"
"Mkiungua?"
"Tutapuliza!"

Haya, anzeni kupuliza, maana hiki ni cha Bukoba na kimetoka jikoni sasa hivi.

Kulikuwa na mbwa, na mbwa huyo aliitwa Jabali. Akisimama, mgongo wake ulifika mezani. Akilala, mlango haufunguki. Alikula chakula chake, akala cha kuku, akala cha paka, na mlinzi akichelewa kunawa mikono, akala na cha mlinzi. Mwenye mbwa, Bi Theonesta, alimpenda hivyo hivyo. Aliwaambia majirani kwamba Jabali hana ulafi, ana hamu tu.

Ndani ya sikio la kushoto la Jabali aliishi Kiroboto, mama wa watoto thelathini na mmoja. Kiroboto hakuwa mkorofi. Alikula kidogo, alikula kimya kimya, tena alingoja mwenye sikio asinzie kwanza. Ungemuuliza, angekuambia yeye ni mpangaji mwenye adabu zake.

Siku moja mume wa Bi Theonesta, aliyekuwa akifanya kazi Ubelgiji, akamwita mkewe wakaishi wote huko. Bi Theonesta akasema atakwenda, ila Jabali hamwachi. Sasa mbwa mkubwa kupanda ndege kwenda nchi za watu si kazi ya asubuhi moja. Jabali akachomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Akatiwa kidude cha namba chini ya ngozi ya shingo. Akaandikiwa karatasi, halafu karatasi ya kuthibitisha ile karatasi. Siku ya Jumatatu daktari wa mifugo, Daktari Rwegoshora, akaja kueleza yaliyobaki kabla ya safari ya Jumamosi.

"Alhamisi nakuja mara ya mwisho," alisema. "Kwanza tunamwingiza kwenye kizimba chake. Lazima asimame, ageuke, alale. Akiweza, namwogesha dawa asibaki na mdudu hata mmoja, kisha napiga muhuri. Asipoweza, hapandi ndege."

Kiroboto alisikia kila neno, si alikuwa sikioni? Akawatazama wanawe thelathini na mmoja, wamelala kwenye manyoya, hata kuruka hawajajua. Asibaki na mdudu hata mmoja. Aliogopa sana, wala hakuficha kwamba anaogopa.

Mchana huo akapanda hadi ncha ya sikio akaomba kwa heshima.

"Shikamoo, mzee Jabali. Sisi ni wapangaji wako wa siku nyingi. Nakuomba usogeze safari wiki mbili tu, wanangu wajue kuruka, tuhame."

Jabali akafungua jicho moja. "Marahaba. Wewe nani?"

"Kiroboto, wa hapa sikioni."

"Ulaya mbwa anapewa nyama mara tatu kwa siku," Jabali akasema. "Wewe na wanao mtakufa Alhamisi. Poleni sana." Akafumba jicho.

Kiroboto akarudi ndani kwa hasira. Akakaa, akafikiri. Jabali hamsikilizi kiroboto. Hamsikilizi kuku, hamsikilizi paka, hamsikilizi mlinzi. Je, anamsikiliza nani? Anajisikiliza mwenyewe. Na kwa kuwa tangu azaliwe hajapata wazo hata moja kichwani, sauti yoyote ikitokea humo ataipokea kwa mikono miwili.

Desturi yetu mnaijua. Mtu akisikika anakwenda Ulaya, hata jirani asiyemsalimia huja na kifurushi. Mpelekee mwanangu, mpelekee shemeji yangu, wako huko huko, ukifika ulizia tu. Na kifurushi cha mtu hakikataliwi. Ukikataa, watasema umeanza kuringa kabla ya kupanda ndege. Basi Bi Theonesta alipokea, akashukuru, akarundika stoo. Stoo ilipojaa akaogopa wezi, akamweka Jabali alinde. Ndiyo, Jabali. Mwenyewe akaenda zake mjini kuaga ndugu, na kuaga ndugu wa Bukoba ni kazi ya siku tatu.

Jumatatu hiyo hiyo Jabali akajilaza mlangoni pa stoo. Kiroboto akajongea ndani kabisa ya sikio, akanong'ona kwa sauti nzito ya kimbwa.

"Mimi Jabali nina njaa."

Jabali akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hakuona mtu. "Kweli nina njaa," akasema, akijistaajabia.

"Humo ndani mna debe zima la senene wa kukaanga."

"Lakini ni wa watu wa Ulaya."

"Na mimi Jumamosi nitakuwa mtu wa wapi?"

Jabali akainuka. Akaingia stoo. Nyafu nyafu, kafu kafu, tumbo likasema ndi! Debe la senene likaisha.

Jumanne sauti ikarudi. Ikasema mama wa watu atavunjika mgongo kubeba samaki wakavu wote wale, na mbwa mwenye utu humsaidia mwenziwe mzigo. Jabali akaona aibu kwamba hakuwa amemsaidia mapema. Akaingia stoo. Nyafu nyafu, kafu kafu, tumbo likasema ndi! Samaki wakaisha, na karatasi zilizowafunga zikaisha.

Jumatano ikaja zamu ya samli, na asali, na ndizi kavu. Safari hii Jabali akasita kidogo, akajiuliza kama hatanenepa. Sauti ikamtuliza kwamba mzigo ulioko tumboni haupandi mizani. Jabali akabaki mdomo wazi. Akasikitikia miaka yote aliyoishi bila kufikiri, ilhali anafikiri vizuri hivi. Akaingia stoo. Nyafu nyafu, kafu kafu, tumbo likasema ndi, ndi, ndi!

Alhamisi ikafika. Kizimba kiliwekwa uani. Fundi seremala alikitengeneza kwa vipimo vya Jumatatu, na hakuna kikubwa zaidi ya hicho kinachopita mlango wa ndege. Pembeni Daktari Rwegoshora alikoroga dawa ndani ya beseni, na harufu yake ikamfikia Kiroboto huko aliko. Akawakusanya wanawe, akawahesabu, akawakumbatia.

Jabali akaambiwa aingie. Kichwa kikaingia. Kifua kikaingia. Tumbo likagoma. Mlinzi akasukuma, fundi akasukuma, Bi Theonesta akasukuma huku akimsihi mwanawe ajitahidi. Pwa! Akaingia.

"Ageuke," daktari akasema.

Jabali akageuka, na kizimba kikageuka naye. Daktari akafunga daftari lake taratibu. Bi Theonesta akaketi chini akalia, maana alimpenda yule mbwa kweli, na tiketi yake ya Jumamosi haikungoja.

Kiroboto alikuwa hajapumua vizuri bado, daktari akalitazama beseni. Akasema dawa imeshachanganywa, kuimwaga ni hasara, tumwogeshe tu alivyo. Akachukua kopo. Akachota. Akainama. Kiroboto akanong'ona neno moja, la mwisho alilokuwa nalo.

"Nyama."

Jabali hakuuliza iko wapi. Aliruka, na kizimba mwilini. Kra! Mbao zikapasuka. Pwaa! Beseni likapinduka, na dawa yote ikaingia kwenye viatu vya Daktari Rwegoshora, ambaye mpaka leo hasumbuliwi na wadudu wa miguuni.

Jioni hiyo Bi Theonesta akaingia stoo apange mizigo. Akakuta debe tupu, na mbwa mlangoni akijilamba.

"Jabali," akasema, "mimi nitawaambia nini watu?"

Jumamosi akaondoka peke yake na mkoba mmoja. Mtaa mzima ukasema ameringa. Jabali akaachwa kwa shangazi wa Bi Theonesta, mwanamke mwenye imani kwamba maji humharibu mbwa. Huko Jabali alishinda kutwa amelaza kichwa, anaitazama barabara, na kusema kweli alitia huruma. Hata Kiroboto alimwonea huruma. Ndipo akajongea ndani kabisa ya sikio.

"Ulaya kuna baridi," akanong'ona. "Mimi mwenyewe ndiye niliyekataa kwenda."

Jabali akainua kichwa. Akaenda kwa kuku wa shangazi akawaeleza jinsi alivyoikataa Ulaya, na kuku wakamheshimu sana. Alipochoka kueleza akasinzia. Kiroboto akawaita wanawe thelathini na mmoja, wakakaa mkao wa kula.

Ngano nimeifunga hapo, aliyebaki ndani alale humo humo.

Mnataka funzo? Funzo ni hili, na Kiroboto mwenyewe ndiye anayewafundisha wanawe kila wanapomaliza kushiba: mtoto mwema hali cha mwenzake. La pili ni lenu nyinyi mliokua. Msidanganywe na maneno ya watu, kila mmoja afuate akili yake mwenyewe. Na ukihisi akili yako inawasha kidogo, hasa upande wa kushoto, ndiyo inafanya kazi, usijikune.