Pimbi Aliyefumbua Jicho Wakati wa Sala

Hadithi!

— Njoo, tumekaa.

Ije na nini?

— Na uongo wake, na utamu wake, na mkia wake.

Mkia hapana. Ya leo ni ya pimbi, na pimbi hana mkia. Sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumtekenya mwenzako, hii hadithi ina meno.

Basi hapo kale, kwenye majabali makubwa, waliishi pimbi wengi, na mmoja wao alikuwa binti mdogo, jina lake Semeni. Alikuwa na mdogo wake, Shija, mwenye kichwa kikubwa na usingizi mwingi. Kila wazazi waliposhuka malishoni, mama alimwachia Semeni neno lilelile: mshike mkono mdogo wako, usimwachie.

Jumapili moja akaja Fisi. Amevaa kola nyeupe, amechana manyoya, anatembea kwa upole kama mtu anayeumwa kiuno. Akawaambia wazazi kwamba ameokoka, nyama ameiacha, siku hizi ni mboga za majani tu, na amekuja kuwafundisha watoto habari za dhambi na wokovu. Wazazi nao, jamani, mtu akikupumzisha watoto asubuhi nzima, utamuuliza meno yake ni ya nini? Wakashukuru, wakashuka zao.

Fisi akawaketisha watoto chini ya jabali, lile lenye ufa unaopanda mpaka juu, ambako pimbi huota jua kando ya jiwe la mviringo. Karibu yake akaweka tenga kubwa lenye kifuniko. Hili, akasema, ni Safina. Kisha akafundisha. Kuiba karanga ni dhambi. Watoto wakaitika, dhambi. Kumdanganya mama ni dhambi. Wakaitika, dhambi.

"Lakini iliyo kubwa kuliko zote," Fisi akasema, "ni kufumbua macho wakati wa sala. Atakayefumbua atapofuka palepale."

Watoto wakaogopa. Semeni akaogopa kuliko wote, maana alikuwa mtoto wa kutii.

"Fumbeni macho, tuombe."

Wakafumba. Fisi akaomba kwa sauti nene, na katikati ya sala kikasikika kitu, kwiii, pu. Amina. Kufumbua macho, nafasi moja iko wazi. Fisi akawaambia mwenzao ameokoka, amepanda Safina, wapige makofi. Wakapiga, pa pa pa.

"Fumbeni macho, tuombe."

Kwiii, pu. Amina. Nafasi nyingine wazi. Makofi, pa pa pa. Na waliokuwa ndani hawakulia, kwa sababu Fisi aliwanong'oneza kwamba aliyemo Safina akitoa neno, anazama. Watoto watiifu hawampi mtu kazi.

"Fumbeni macho, tuombe."

Semeni akafumba, mkono wa Shija uko ndani ya mkono wake. Mara ule mkono ukachomoka, chwipu. Semeni akakumbuka neno la mama, akafumbua jicho. Moja tu, la kushoto. Akamwona Shija ananing'inia kwenye kucha za Fisi. Kwiii, kifuniko kikapanda. Pu, kikashuka. Akauona na udenda wa Fisi unavyodondokea ile kola nyeupe, to, to, to. Akalifumba jicho haraka.

Amina. Makofi. Semeni naye akapiga. Sasa alikuwa na hofu mbili. Mdogo wake ataliwa, hiyo moja. Na yeye ametenda ile dhambi kubwa, hiyo ya pili. Alingoja apofuke, jicho likakataa kupofuka. Akisema ameona, wenzake ndio watakaomshitaki wa kwanza. Asiposema, Shija ndiyo basi tena.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mmoja mmoja hivi unachoka. Niombe mimi, tuokoke wote kwa mara moja."

Tumbo la Fisi likajibu kabla yake, nguru nguru. Wote kwa mara moja! Lakini akasita kidogo. Mtoto akiomba, mwalimu naye hufumba macho, na watoto wote walikuwa wanamtazama. Yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha. Akafumba.

"Na Maandiko yanasema, Mwalimu, fumbua sana kinywa chako, nami nitakijaza."

Andiko hilo Fisi alilipenda tangu zamani. Akakifumbua kinywa mpaka masikio yakakaribia kukutana nyuma.

Semeni akaanza. "Bwana, wafumbue wenzangu macho kama ulivyomfumbua yule kipofu. Wafumbue sasa hivi, na wanyamaze."

Watoto wakafumbua. Wakaliona lile domo. Wakaitika Amina kwa sauti nyembamba.

"Bwana, Safina ifunguke. Polepole, isilie."

Fisi akadhani Safina ni tumbo lake, akatikisa kichwa kwa furaha. Kifuniko kikainuliwa, kwi, kwi, kwi. Amina.

"Bwana, wapitishe mlango ulio mwembamba, uwapandishe juu ya mwamba."

Fisi akajua mlango mwembamba ni koo lake. Watoto wakajipenyeza kwenye ufa, sss, sss, sss. Amina ikasikika kwa mbali.

Wote walitoka kasoro Shija. Shija alijikunyata chini kabisa ya tenga, amefumba macho kwa nguvu, hatoki. Ameambiwa atazama. Semeni aliona miguu yake mwenyewe inataka kukimbia, akaikataza.

"Bwana," akasema, "mwambie na Shija kwamba gharika imekwisha. Njiwa amerudi na jani mdomoni. Nchi imekauka. Atoke."

Shija hakutoka. Udenda, to, to, to.

Fisi akauliza, macho bado amefumba, mbona Amina zimepungua.

"Wanalia kwa toba, Mwalimu. Usifunge kinywa, baraka itapita."

Kichwa kikubwa kikachungulia. Shija akatoka, akaushika mkono wa dada yake. Semeni akaomba huku anarudi kinyumenyume, na kila alivyorudi alipandisha sauti, Fisi asijue.

"Bwana, siku ya Pasaka jiwe lilibingirika. Na leo libingirike. Mjaze mtumishi wako kinywa chake."

Huko juu watoto wakalisukuma lile jiwe la mviringo. Guru guru guru guru, ko.

Fisi akafumbua macho. Tenga tupu, jiwe limekwama kwenye meno, na Semeni na Shija ndio wanaingia ufani, chwipu. Akarukia ufa, kichwa hakikupita. Akataka kulaani, jiwe likamkatalia. Akateremka bondeni na kola yake, anasema aaa, aaa, hata Amina hawezi kuimaliza.

Wazazi waliporudi wakalia, kisha wakaimba. Semeni hakuimba. Bibi yake, Bibi Kabula, akamkuta pembeni amefunika jicho la kushoto, machozi yanamtoka.

"Bibi, nilifumbua jicho kwenye sala. Nimetenda dhambi."

Bibi Kabula akauondoa ule mkono, akalitazama jicho, zima kabisa. "Mjukuu wangu, anayetuokoa huwa hafumbi macho," akasema. "Hasinzii, halali. Wewe ulimwangalia mdogo wako kama yeye anavyotuangalia sisi. Hiyo siyo dhambi. Njoo ule."

Tangu hapo pimbi wakila, mmoja wao hukaa juu ya jiwe, macho wazi. Nendeni majabalini mkaone.

Hadithi yangu imeingia ufani. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwa ina mchanga, niachieni mwenyewe.

Na fundisho lake, lishikeni: mtoto mwema hufumba macho wakati wa sala, yote mawili, wala hachungulii. Haya, fumbeni, tuombe tukale.

Wewe wa nyuma, umefumbua. Nimekuona.

Na usiniulize nimekuonaje.