Zimwi la Masika na Bi Nyamvula

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni ndani, na aliye mlangoni aingie. Hadithi hii siisimulii mtu akiwa nje.

Hapo kale, mvua ilipokuwa na mwenyewe, palikuwa na mji uitwao Mwamtopa. Kila masika, mvua ikinyesha mchana, zimwi liliingia mjini. Lilikuwa refu, tumbo limeshikana na mgongo, na kisogoni lina jicho moja lisilofumba. Halikuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti cha mtu. Lilipita penuni tu. Likimkuta mtu, linauliza mara tatu: "Huyu wa nani?" Likijibiwa, linamwacha. Lisipojibiwa, linakula.

Basi katika mji huo aliishi Siwema, mjane, mshona makuti. Nyumba zote za Mwamtopa ziliezekwa kwa makuti yake, lakini yake mwenyewe ilivuja. Mganga hajigangi, wanangu. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na matone kila pembe.

Siku moja nyumba ya Bi Nyamvula ikaanguka. Alikuwa bibi mzee, hana mtoto wala ndugu. Akachukua mkeka wake, akahamia upenuni mwa Siwema.

Watu hawakuwa wabaya, wakamsaidia. Jirani mmoja, Bi Zume, akampitishia uji dirishani.

"Ahsante, mwanangu," bibi akasema. "Na mvua je?"

Siwema akampa leso ya kujitanda.

"Ahsante, mwanangu. Na mvua je?"

Mzee Kombo, mwenye nyumba kubwa ya ng'ambo ya njia, akampa nasaha ndefu juu ya subira.

"Ahsante, mwanangu. Na mvua je?"

Mzee Kombo akatazama mawingu, akakumbuka kwamba ana mbuzi hajamfunga. Usicheke wewe hapo kwenye kona, na wewe una mbuzi wako.

Basi mvua ikaja. Siwema, akiwa ndani, akasikia nyayo kwenye tope: chwa, chwa, chwa.

"Huyu wa nani?"

Siwema akashika komeo la mlango. Alitaka kujibu. Lakini sharti alilijua: anayejibu lazima amweke mgeni chini ya paa lake, na tone moja likimwangukia mgeni kabla mvua haijakatika, zimwi hupata ruhusa ya kuvuka kizingiti na kuwameza wote wawili. Na paa lake lilivuja! Akajisemea, "Bi Zume atajibu." Bi Zume akajisemea, "Mzee Kombo atajibu." Mzee Kombo akajisemea, "Yuko upenuni mwa Siwema, atajibu Siwema."

Mara tatu likauliza, mara tatu kimya. Zimwi likala mkeka wa bibi.

"Leo nimeonja tu," likasema, likaenda zake.

Mvua ya pili ikaja. Chwa, chwa, chwa. "Huyu wa nani?" Mara tatu, kimya. Safari hii zimwi likala sauti ya bibi. Akafungua kinywa apige ukelele, na ukelele haukutoka.

Mvua ilipokatika, Siwema akatoka. Akaenda kwa Mzee Kombo.

"Mzee wangu, nyumba yako ina vyumba vitatu."

"Mwanangu Siwema, umenisikia nikikataa?"

"Sijakusikia."

"Haya basi."

Hilo ndilo lililokuwa kosa la watu wa Mwamtopa. Walidhani anayenyamaza hajakataa.

Siwema akarudi nyumbani, akaanza kushona makuti ya paa lake mwenyewe. Akashona asubuhi, akashona adhuhuri, vidole vikatoka damu. Kila mara anainua macho kutazama mawingu. Makuti yakawa tayari, ameyaegemeza ukutani, anatafuta ngazi. Tone likamwangukia puani.

Mvua ya tatu! Siwema akakimbilia ndani, akafunga mlango. Chwa, chwa, chwa.

"Huyu wa nani?"

Siwema akatazama paa, akaona tundu.

"Huyu wa nani?"

Akachungulia ufa wa mlango. Bi Nyamvula amejikunja, leso imemganda mwilini, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa hamwiti mtu tena.

"Huyu wa—"

"Wangu!" Siwema akapiga kelele, hata yeye akashtuka. Akafungua komeo, akamvuta bibi ndani.

Zimwi likacheka. Likaketi nje ya kizingiti, likageuza kisogo, jicho likatazama paa. "Nangoja tone."

Siwema akamketisha bibi kitandani, akamwinamia kama kuku juu ya vifaranga. Tone la kwanza likampata mgongoni. La pili shingoni. La tatu likapita karibu na sikio, akalidaka kwa kiganja. Mvua ikazidi, matone yakawa mengi kuliko viganja vyake. Akajua hawezi. Mtu mmoja hawezi.

"Jamani, majirani! Makuti yako ukutani, na mimi siwezi kumwacha! Bi Zume! Huyu wa nani?"

Kimya.

"Mzee Kombo! Nakuuliza wewe! Huyu wa nani?"

Kimya. Kisha mlango ukalia.

"Wetu!" Bi Zume huyo, anakimbia kwenye tope na mwiko bado mkononi.

"Wetu!" Mzee Kombo naye, magoti yake mabovu, amebeba ngazi.

"Wetu! Wetu!" Milango ikafunguka mtaa mzima. Huyu anapokea kuti, huyu anafunga kamba, na paa likaezekwa mvua ikinyesha.

Kila "wetu" lilipiga tumbo la zimwi kama rungu. Likakohoa, likatapika mkeka. Likakohoa tena, likatapika sauti. Mvua ilipokatika likaondoka na njaa yake, linapepesuka.

Ndani, Bi Nyamvula akajaribu koo lake. "Hodi," akasema.

"Karibu," Siwema akajibu, machozi yakimtoka.

Kiangazi kilipofika, mji mzima ukamjengea bibi chumba chake. Lakini zimwi halikufa, wanangu. Hadi leo Siwema akisikia tone la kwanza huacha kazi, hutoka na kutazama upenuni kama kuna mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye paa lisilovuja. Asiye na nyumba usimpe bakuli dirishani ukadhani umemaliza. Mfungulie mlango, na ukishindwa peke yako, waite wenzako. Na anayenyamaza, jueni, amekwisha kukataa.