Ramani ya Ngisi Mwenye Taa Tumboni

Mwanamke mmoja alikuwa na ngisi ndani ya chupa ya spiriti. Mwanamke huyo aliitwa Namkunda, na kazi yake ilikuwa kuwachunguza viumbe wa kilindini, kule ambako mwanga wa jua hufika ukiwa umechoka.

Alimpasua ngisi yule kwa wembe, akayaandika aliyoyaona. Mikono minane, minyiri miwili mirefu, mioyo mitatu, macho makubwa yaliyokaribia kukijaza kichwa chote. Kisha akakuta vijitaa, vidogo kama punje za ulezi, mamia kwa mamia, na karibu vyote viko tumboni. Mgongoni giza tupu. Hapo akachanganyikiwa. Nani anafunga taa mahali ambapo yeye mwenyewe hapaoni? Alimgeuza tena, akidhani amemlaza kichalichali. Hakuwa amekosea.

Ilimchukua miaka kuelewa nusu ya fumbo hilo. Adui wa ngisi huyo huwinda akiwa chini, akitazama juu, akivizia kivuli kinachopita. Ngisi huliwasha tumbo lake kwa kiasi kile kile cha mwanga utokao juu, na kivuli kinafutika. Taa ile si ya kujionyesha, ni ya kujisitiri. Na anayemtazama kutoka juu ataapa kwamba kiumbe huyu hana hata cheche. Nusu nyingine hata mimi ninayewasimulia sijaielewa, wala sitajifanya.

Namkunda alikuwa pia na ramani. Kila mahali wavu ulipomleta ngisi wa namna ile, alitia nukta nyekundu. Kwa miaka kumi na miwili alisafiri na meli ile ile ya uchunguzi, na nukta zikajipanga katika mstari mmoja mrefu, uliopinda mara moja tu kuelekea kusini. Alifurahi. Akaandika kwamba ngisi huyu anaishi katika ukanda mwembamba, na kwingineko hayuko. Wakubwa wanaosimamia uvuvi wakafurahi zaidi, maana walitaka kujua ni wapi nyavu nzito zinazokwangua kilindi ziruhusiwe. Penye nukta pafungwe, pasipo na nukta pafunguliwe. Kilichobaki ni sahihi yake.

Siku ya kutia sahihi, ramani ilikuwa mezani katika chumba cha kulia cha meli. Mbwana, mpishi wao wa miaka yote hiyo, alikuja kuondoa sahani. Akasimama. Akaweka kidole juu ya nukta moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

"Daktari, hapa si ndipo maharage yangu yaliungua? Na hapa bahari ilichafuka, uji wote ukamwagika. Hii ni njia yetu sisi. Huyo mdudu wako, kwake ni wapi?"

Namkunda aliitazama tena ramani. Aibu ilimshika, kisha hofu. Ni kweli, meli haikuwahi kutoka nje ya mstari ule, kwa kuwa nahodha aliipenda njia aliyoizoea, na yeye mwenyewe hakuwahi kuomba nyingine. Akitia sahihi, bahari yote iliyobaki itakwanguliwa, na hakuna atakayejua kilichokuwamo. Asipotia, miaka yake kumi na miwili itakuwa kumbukumbu ya mapishi ya Mbwana. Hakujua ashike lipi. Alitaka kumkasirikia mpishi, akakosa pa kuanzia.

Mwishowe akachukua kalamu, na juu ya sehemu yote nyeupe ya ramani akaandika maneno matatu: Hapa hatujatia wavu. Chini yake akatia sahihi. Kama wakubwa waliyasoma au waliyaruka, sikuambiwa.

Nanyi ndugu zangu mna ramani zenu. Mnajua mtaa upi una watu wema, na nyumba ipi haijapata kutoa mcha Mungu, na mmeziweka nukta zenu kwa uhakika unaonitia wasiwasi. Basi anayesema jirani yake hana nuru na anijibu: ulimtazama ukiwa upande gani, na wavu wako ulipita kwake lini?